Uso wa mwenzako si ushahidi

NDUGU yangu Muislamu, tumekatazwa dhana mbaya, na Suratul Hujuraat aya ya 12 yatosha kwa hilo. Lakini liko swali ambalo wengi hulikwepa. Dhana huja yenyewe. Ukimuona mwenzako amekunja uso, moyo umeshahukumu kabla akili haijauliza. Je, mtu ataulizwaje kwa jambo ambalo hakulichagua?

Wataalamu wa ubongo wametusaidia hapa. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, chenye kazi kubwa katika khofu na kutambua hatari. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake walieleza habari za mwanamke mmoja wa Marekani ambaye maradhi adimu yalimharibia amigdala zote mbili. Nyuso za watu alizijua, lakini khofu iliyo usoni mwa mtu ilimpita. Kwa hiyo tunachokiona usoni hakitoki kwa mwenye uso peke yake. Kingine tunakileta sisi. Mtu aliyejaa wasiwasi, hata uso usio na lolote huuona una shari.

Basi hatuna lawama? Msikimbilie huko. Mwaka 2005 Adolphs na wenzake walionyesha kuwa mwanamke yule hakuwa akiyatazama macho ya watu. Walipomwambia ayatazame, aliitambua khofu kama wengine, ingawa maradhi yalikuwa pale pale. (Sisemi mtu amkodolee macho asiye maharimu wake!)

Wazo la kwanza huja bila kualikwa. Kuliamini bila kutazama mara ya pili ni kitendo, na kitendo kina hesabu. Katika vikao vya kusuluhisha ndoa nimesikia mara nyingi: "Nilimuona usoni, ananidharau." Mbele ya kadhi mdai hutakiwa bayina, lakini nyumbani talaka inatamkwa kwa ushahidi wa uso! Akiulizwa mwenye uso, anasema alikuwa anawaza kodi ya nyumba.

Na askari anayemsimamisha kijana wa kanzu na ndevu kwa kuwa "uso wake una wasiwasi", naye atazame tena. Huenda kweli kijana ana khofu, na anayemuogopa ni yeye askari.