Pahali Laini pa Kuchezea

Uwanda wa Kano nchini Kenya, ambako mji wa Awasi umekaa kando ya barabara ya Ahero kuelekea Kericho, umetandikwa udongo mweusi wa mfinyanzi, yaani ule unaonata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ukawa mgumu kiasi cha kumuumiza mtoto aangukaye kutoka kwenye bembea. Vibanzi vya mbao, yaani vipande vidogo vya magogo na matawi yaliyokatwakatwa, hupunguza kishindo kwa kuwa husogea na kubonyea, mradi kina chake kifikie kama sentimita 30; kwa hiyo eneo la mita 3 kwa 4 huhitaji mita za ujazo 3.6.

Mzazi mwenye kipato kidogo aweza kuvikusanya polepole kwa wapasuaji mbao, akichambua misumari na kukataa mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, ambayo huweza kuwa na aseniki, iliyo sumu.

Mchezo ni haki iliyotajwa katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, na kinga, wahenga walivyonena, ni bora kuliko tiba.