Moyo wa Mtumishi na wa Mwanafunzi ni Amana

 

Imeenea katika miji ya mwambao, toka Lamu hata Kilwa, kauli moja ambayo watu huitoa kwa wepesi. Kijana akirudi kutoka kazini au chuoni hali amekonda, halali usiku, hataki kusema na mtu, na moyo wamwenda mbio kila asikiapo jina la mkubwa wake, huambiwa kuwa imani yake ni haba, basi na asali, yatakwisha. Kusali ni faradhi, wala hapana Muislamu awezaye kuikataa dawa hiyo. Lakini lile neno la kwanza, kwamba imani yake ni haba, ni hukumu, na mwenye kuhukumu hutakiwa ushahidi. Na mara nyingine mtoa hukumu ndiye yule yule aliyemfanyisha kijana kazi hata usiku wa manane, na kumtukana mbele ya wateja.

Basi na itazamwe habari ya mtu ambaye hapana mwanachuoni wa mwambao athubutuye kuitilia shaka imani yake, naye ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mwenye kitabu cha Ihya. Katika mwaka 484 wa Hijra (1091) waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mudarisi katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, nayo ndiyo iliyokuwa chuo kikuu cha zama zile. Hajatimiza miaka arubaini, na wanafunzi mia tatu walikuwa wakimsikiliza. Na katika nafasi chache alizopata baina ya kufundisha na kutunga vitabu vya sheria, alikuwa akisoma falsafa peke yake, pasina mwalimu. Jaha ikamjia, na sifa zikamjia. Hata ilipoingia Rajab ya mwaka 488 (1095) ulimi wake ukafunga. Akawa anajikaza kufundisha, japo siku moja, ili kuwaridhisha wale waliokuja kumsikiliza, wala neno lisitoke. Huzuni ikamwingia, chakula kikawa hakishuki, nguvu zikapungua, na matabibu wakakiri kwamba maradhi haya asili yake ni moyo, na dawa za mwili haziyafikii. Hayo aliyaeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh, wala hakuona haya.

Ni kweli kwamba katika kitabu hicho alijilaumu kwa nia yake, kuwa jaha ilichanganyika na elimu. Lakini mtu kujihesabu mwenyewe mbele ya Mola wake ni jambo moja, na kuhesabiwa na bwana wake wa kazi ni jambo jingine kabisa. Na litazamwe lililofuata. Aliiacha Nizamiyya akaenda Sham, na nduguye Ahmad akashika mahali pake, darasa isife. Katika miaka ile ya kujitenga ndipo kilipotoka kitabu cha Ihya, na mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha Nishapur.

Wala asidhani mtu kuwa maneno haya ya maradhi ya moyo yameletwa na Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 (934), alitunga kitabu cha maslaha ya miili na nafsi, sehemu moja ya mwili na sehemu moja ya nafsi, akaeleza ghadhabu na hofu na huzuni na wasiwasi, na namna ya kuzitibu. Akawalaumu matabibu kwa kushughulika na mwili na kuiacha nafsi.

Ikiwa moyo huugua, basi huulizwa ni nani aliyeuuguza. Hapa ndipo panapofaa habari ya Abu Dharr. Alionekana Rabadha amevaa vazi, na mtumwa wake amevaa la namna hiyo hiyo. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa zamani alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba ndani yake mna ujahili, naye akastaajabu kuambiwa hayo katika umri wake mkubwa. Kisha Mtume akamfunza kuwa walio chini ya mkono wa mtu ni ndugu zake, wale anachokula na wavae anachovaa, wala wasikalifishwe lipitalo uwezo wao, na wakikalifishwa wasaidiwe. Watu wengi huikumbuka sehemu ya chakula na nguo, na kusahau kwamba Hadithi yenyewe ilianzia katika tusi. Hapakuwa na njaa pale wala ujira uliozuiwa. Palikuwa na neno moja la kumvunja mtu. Naye Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, na akashuhudia kuwa hakusikia kwake hata sauti ya kukereka.

Leo mwenye duka huuliza fatwa ya riba, jambo jema, lakini hahesabu saa za karani wake. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 iliweka kwa wafanyakazi walio wengi saa 45 za kawaida kwa juma, na ya Kenya ya mwaka 2007 ilimlazimisha mwenye waajiriwa 20 na zaidi atoe tamko la kukataza unyanyasaji wa kijinsia. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa huzuni na wahaka. Tajiri asiyesikia ya Hadithi, huenda akasikia ya hesabu.

Na vyuoni dhulma ina sura nyingine. Yuko mwalimu akaaye na tasnifu ya mwanafunzi miezi, asiisome wala asiirudishe, na kijana haduriki kuuliza kwa kuogopa maksi. Yuko apimaye kwa kabila na ujamaa, na hiyo ni mizani ile ile ya wapunjao iliyolaaniwa katika Sura ya Mutaffifin, ijapokuwa kinachopimwa si mchele. Na yuko mbaya kuliko hao, amzuiliaye msichana haki yake mpaka amridhishe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 imemhesabu huyo kuwa ni mla rushwa. Naye amekhini amana mara mbili, ya elimu na ya binti wa watu.

Katika Sura ya Qasas mna habari ya mkataba wa kazi. Mzee wa Madyan alipomwajiri Musa alitaja muda, miaka minane, na miwili ya ziada akaiweka katika hiari ya Musa mwenyewe, akasema na mapema kwamba hataki kumtia mashakani. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, hana jamaa wala mtetezi pale. Naye mzee asingalishindwa kumwekea masharti ayatakayo.

Na mzazi aliyerudiwa na kijana wa namna ile iliyotajwa mwanzo, ampeleke kwa tabibu, na kabla ya kumwuliza habari ya sala yake, amwulize huingia kazini saa ngapi, hutoka saa ngapi, na bwana wake humwita kwa jina gani.