Risala kwa Msafiri: Katika Kupenda Sinema za Mahaba na Nyimbo Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetia mapenzi na huruma baina ya mume na mkewe. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wako watu wa Pwani, madereva na utingo wao, wapelekao mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hata Rwanda na Burundi. Hulala Nyakanazi katika wilaya ya Biharamulo, au husogea mbele wakalala Benaco, wilaya ya Ngara, wakingoja kuvuka Rusumo. Usiku wa huko ni mrefu, na baridi yake si ya Tanga wala Kilwa. Mtu amekwisha kuswali Isha, ameikusanya na Magharibi na kuipunguza kwa ruhusa ya safari, amekula, na usingizi hauji. Basi hutoa simu yake, akajifunika shuka ndani ya gari, akatazama sinema ya Kihindi ya mahaba.

Jambo hili hufanywa kwa siri. Yule yule asemaye mchana kwamba sinema za mapenzi ni za wanawake na watoto, usiku azijua nyimbo zake neno kwa neno, katika lugha asiyoifahamu. Akisikia mwenziwe anakuja, hubadili upesi akaweka kaswida. Alifundishwa chuoni, katika Arubaini za Imamu Nawawi, kwamba dhambi hujulikana kwa kuchukia watu wasiione. Lakini haya yake imechanganya mambo mawili, na yafaa yapambanuliwe: haya mbele ya Mungu, na haya ya mwanamume kuonekana analia. Ya kwanza ni katika imani. Ya pili ni kiburi tu. Mughithi, mume wa Barira, alimfuata mkewe katika njia za Madina baada ya Barira kupata uhuru wake na kumwacha, machozi yakimtiririka hata ndevuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumcheka wala hakumkemea. Alimwonyesha ammi yake Abbas ajabu ya mapenzi yale, kisha akenda mwenyewe kumwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa ni shufaa, akakataa, na hakulazimishwa.

Hukumu ya nyimbo haina urefu. Imamu Nawawi katika Minhaj ameharimisha vinanda vya nyuzi na zumari, akaruhusu dufu arusini na katika tohara. Na kumtazama mwanamke ajinabia kwa matamanio hakuna khitilafu. Watu wa Pwani wayajua hayo tangu utotoni, na bado husikiliza. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alitia maneno ya Kiswahili katika sauti za sinema za Kihindi, na hata majumbani mwa watu wa swala aliimba. Basi kutamka haramu na kufunika kitabu hakukumponya mtu.

Imamu Ghazali, naye ni Shafii, alichimba zaidi katika Ihya. Aliona kwamba kusikiliza hakuingizi moyoni kisichokuwamo, bali huchochea kilichomo. Basi na aulizwe msafiri: kuna nini moyoni mwake huko Nyakanazi? Aghalabu ni hamu ya nyumbani kwake. Hamu hiyo ni halali. Ila ameipeleka kwa wasioidai.

Katika sinema ya Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998, mke amekufa akaacha barua kwa bintiye mdogo, ili mtoto amkutanishe baba na msichana aliyempenda baba huyo zamani. Watu wazima wenye ndevu wamezililia barua zile. Na Shah Rukh Khan aonekanaye akiimba, haimbi. Huchezesha midomo, na sauti ni ya Udit Narayan. Ndiyo desturi ya sinema za Bara Hindi, na Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa. Wenye kuzitengeneza hawakuficha neno. Ajabu ni ya msafiri, azililiaye barua za mke asiyekuwako, na wake aliyeko hajapata salamu tangu mwezi uandame.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia nyuma ya ukuta mwanamke akiimba mashairi ya upweke. Mumewe alikuwa jeshini, na kumcha Mungu ndiko kulikomzuia na mabaya. Umar hakugonga mlango kumkaripia kwa wimbo wake. Alikwenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, akamwuliza mwanamke aweza kustahimili muda gani bila mumewe. Bibi Hafsa akaona haya, kisha akajibu. Riwaya moja yasema miezi minne, nyingine sita. Umar akaamuru askari wasizuiliwe vitani kupita muda huo.

Msafiri wa Rusumo hakutumwa na Khalifa. Gari huharibika, foleni ya mpakani huwa ndefu, kisha hupatikana mzigo mwingine kabla hajafika kwake, na hayo ni udhuru. Lakini masurufu hayangoji. Katika madhehebu ya Shafii mke ana kadiri yake kila siku: kwa mume tajiri mudi 2, wa kati mudi 1 na nusu, maskini mudi 1. Siku isiyolipwa haifutiki. Hubaki deni shingoni mwake, hata kadhi asipohukumu. Neno la upole halikupimwa kwa mudi, kwa kuwa hata maskini analo.

Sinema ile huchukua muda wa saa tatu. Fedha aliyoitia simuni kwa ajili yake yatosha kumpigia mkewe na kumsikiliza, naye pengine ana lake la kusema, la ada ya mtoto chuoni au la paa livujalo. Na saa ya Isha huko Benaco, Tanga bado hawajalala.

Wallahu aalam.