Vita vya Mezani

Mchezo ni jambo la faraja, na vita ni jambo la msiba. Mtu akisikia kwamba mambo haya mawili yameunganishwa pamoja, tena na watu wazima wenye akili timamu, hana budi kuuliza: Je, ni halali kuufanya msiba wa wengine kuwa starehe yetu? Swali hili si la upuuzi, nami nakuomba, msomaji, tulipime pamoja.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Juu ya meza pana hutandikwa kitambaa cha rangi ya majani, vikawekwa vilima, miti na nyumba ndogo ndogo. Hapo husimamishwa vijisanamu vya askari, vya madini au vya plastiki, vilivyopakwa rangi kwa uangalifu mkubwa: Waprusia kwa makoti ya buluu, Waaustria kwa makoti meupe. Wachezaji wengi hupenda vita vya Ulaya vya karne ya 18, kwa sababu majeshi ya wakati ule yalipigana kwa safu zilizonyoka, bunduki za gumegume mikononi, ngoma zikilia na bendera zikipepea. Mwendo wa kila kikosi hupimwa kwa rula, na madhara ya kila mzinga huamuliwa kwa dadu.

Siku hizi si lazima wachezaji wakutane. Mmoja wao huiandaa meza nyumbani kwake na kuielekezea kamera, na wenzake walio katika miji mingine, pengine nchi nyingine, huitazama kwa njia ya intaneti. Mchezaji husema, "Kikosi changu cha kushoto kisonge mpaka kijijini," na mkono wa mwenyeji hukisogeza. Desturi hii ilishika nguvu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani.

Nasaba ya michezo ya namna hii ni ndefu. Mwaka 1812 mtumishi mmoja wa serikali ya Prusia, von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya mchezo wa vita. Na mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, aliurekebisha mchezo huo ukatumika kuwafundisha maofisa wa jeshi. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells naye alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bandia, na humo alidai kwamba kucheza mara chache tu kwatosha kumwonyesha mtu jinsi vita vya kweli vilivyojaa makosa na upumbavu. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilizuka. Basi tazama: chombo ni cha aina moja, lakini mmoja alijifunzia kupigana, na mwingine alijifunzia kuchukia mapigano. Kisu hakina hatia. Hatia au sifa hukaa katika nia ya mkono ukishikao.

Hata hivyo, nia njema huhitaji kumbukumbu njema. Tarehe 12 Agosti 1759, mahali paitwapo Kunersdorf, Mfalme Frederick wa Pili wa Prusia alipambana na majeshi ya Urusi na Austria. Aliingia vitani na watu kama 50,000. Jua lilipokuchwa, watu kama 19,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa. Mfalme mwenyewe alikuwapo, na farasi walipigwa risasi chini yake. Baada ya hapo aliandika kwamba hataki kuishi kuyaona maangamizi ya nchi yake. Mchezaji wa leo akishindwa Kunersdorf mezani, huwapongeza wenzake, akazima kompyuta, akala chakula cha jioni.

Tofauti yao ni nini? Ni umbali. Frederick aliviona vilio vya wanadamu kwa macho yake. Lakini wako wengine katika vita vile vile ambao hawakuona kitu: Maria Theresa alikuwa Vienna, na mfalme wa Ufaransa alikuwa Versailles. Kwao vita vilifika kwa barua, na watu walifika kwa hesabu. Yeye achezaye kutoka mbali hukalia kiti chao hasa, na wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa fikiri juu ya mwisho. Mchezo ukiisha, mwenyeji hukusanya vijisanamu vyote, walioanguka na waliosimama, akavirudisha sandukuni tayari kwa siku nyingine. Vita vile vya Miaka Saba vilianza mwaka 1756, na tarehe 15 Februari 1763 Prusia, Austria na Saxony zilifanya mapatano huko Hubertusburg. Mipaka yao ilirudi pale pale ilipokuwa kabla ya vita. Lakini Frederick alikadiria kwamba jeshi lake pekee lilipoteza watu 180,000, na hao hawakurudi. Mipaka hurudishwa kama vijisanamu, watu hawarudishwi.

Je, mchezo huu ni haramu? Mimi sioni hivyo. Ndani yake mna historia, subira na urafiki. Tena mna uaminifu wa namna isiyo ya kawaida, maana yule anayetupa dadu peke yake chumbani, akawatajia wenzake namba wasiyoiona, hana shahidi ila dhamiri yake. Uovu hautoki katika kucheza, hutoka katika kusahau. Umbali hupima utu wa mtu mara mbili: atatenda nini pasipo kuonekana, na atamhurumia nani asiyemwona?

Msomaji, huenda usiuguse mchezo huu maisha yako yote. Lakini yawezekana kesho ukakalia kiti cha amri, ukawekewa karatasi yenye majina usiyoyajua, na kalamu mkononi. Siku hiyo kumbuka kwamba jina si kijisanamu. Kabla hujasema, "Wasonge mbele," jiulize kama ungesema hivyo ukiwa umesimama mstari wa kwanza pamoja nao.