Mwalimu wa Miaka Miwili

Wasomaji wenzangu, nataka tufikiri habari za mama mmoja wa Marekani, jina lake Wendy Kopp, kwa kuwa kazi yake yatugusa sisi tulioshika chaki. Alizaliwa mwaka wa 1967, akasoma katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka wa 1989, alipokuwa karibu kumaliza, ilimpasa kuandika insha ya mwisho, kama ilivyo desturi ya chuo kile. Akaandika kwamba wako vijana wengi hodari watokao vyuoni wakakimbilia kazi za fedha, na huku zipo shule za maskini, mijini na mashambani, zisizo na walimu wa kutosha. Mbona vijana hao wasiombwe kufundisha huko miaka miwili, kisha washike njia zao?

Insha nyingi za wanafunzi huishia makabatini zikaliwa na mende. Yeye aliwaandikia barua wakuu wa makampuni makubwa kuomba msaada, na kampuni ya mafuta ya Mobil ikampa dola 26,000 za kuanzia. Mwaka wa 1990 walimu wake wa kwanza, karibu 500, wakaingia madarasani. Chama chake akakiita Teach For America, akakiongoza hata mwaka wa 2013. Mwaka wa 2007 alikuwa amekwisha kushiriki kuanzisha Teach For All, kiunganishacho vyama vya namna hiyo katika nchi nyingi.

Lakini penye neno ni hapa. Vijana wale walifunzwa kazi majuma machache tu wakati wa likizo. Je, ni haki mtoto wa maskini awe ndiye shamba la kujifunzia kulima? Mtoto wa tajiri hapelekwi kwa mganga aliyesomea uganga majuma matano. Mwaka wa 1994 Linda Darling-Hammond, mjuzi wa mafunzo ya walimu, alikilaumu chama kile kwa maandishi makali. Tena wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu, jembe likianza tu kumkaa mkononi, afunga mzigo.

Lawama hiyo ina nguvu, ila haimalizi shauri. Mwaka wa 2004 wachunguzi wa Mathematica waliwalinganisha watoto waliofundishwa na vijana hao na watoto wa walimu wengine wa shule zile zile. Katika hesabu watoto wa vijana walizidi, katika kusoma wakawa sawa. Basi cheti peke yake si ualimu. Neno hili latuuma sisi wenye vyeti, lakini tulimeze.

Kopp mwenyewe hujibu kwamba aondokaye haondoki mtupu: atakuwa hakimu, au diwani, au tajiri, naye atakumbuka aliyoyaona. Ni kweli kwamba vijana wawili waliofundisha Houston walianzisha mwaka wa 1994 mpango wa KIPP, ambao umezaa shule nyingi. Lakini hesabu hiyo yahesabu faida ya aondokaye na ya nchi. Mtoto aliye darasani leo hawezi kungoja mpaka mwalimu wake awe hakimu. Tena yako mambo yasiyoandikwa katika daftari la mahudhurio: kwamba huyu amefiwa na baba, kwamba yule haoni vizuri ubao. Huyajua mwalimu aliyewafundisha kaka zao. Shule inayobadilisha walimu kila mara haina kumbukumbu, na shule za maskini ndizo ziihitajizo zaidi.

Kwa hiyo sidai mtu aape kufundisha maisha yake yote. Wako walioapa hivyo, nao waliacha kufundisha zamani ingawa mshahara waupokea. Nadai kwamba wageni wawekwe chini ya wenyeji, na wenyeji walipwe vema ili wasitamani kuhama. Kati ya vijana wa Kopp si wachache waliobaki baada ya muda wao. Hao ndio ningependa kukutana nao, niwaulize: mwaka wa tatu, kengele ilipolia, na hapana aliyewalazimisha, ni nini kilichowaingiza tena darasani?