WAZO LA LEO: Usiende Peke Yako
Ukialikwa na kikundi cha watazama ndege kwenda mashamba ya chumvi ya Kunduchi, usikatae kwa kuwa huna darubini. Ya mwenzako itakufikia. Nendeni maji yakijaa: bahari ikishafunika tope, ndege wa pwani huhamia kwenye mabwawa ya chumvi na kuonekana kwa karibu. Kati ya Septemba na Aprili utaonyeshwa sululu, mwenye mdomo uliopinda kama mundu, anayetaga kaskazini mwa Urusi na kuja Kunduchi akikimbia baridi. Peke yako ungempita tu. Kwenye kundi, mmoja anajua mlio, mwingine bawa, mwingine saa za maji. Elimu ya namna hiyo hupatikana kwa kuandamana na wanaojua.