Amana ya Barua

Barua ni maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Mwandishi wake humwona moyoni msomaji mmoja tu, na kwa huyo hulegeza ulimi: huomba mkopo, hulalamika, hueleza udhaifu wake, husamehe. Miaka hupita, mwandishi hufa, na aliyeandikiwa hufa vilevile; barua hubaki. Je, ni haki mtu wa tatu kuifungua, kuisoma, na kuitia katika orodha ili wengine wapate kuijua?

Usidhani, msomaji, kuwa swali hili ni la nchi za mbali. Katika Mji wa Kale wa Mombasa iko barabara iitwayo Ndia Kuu. Na ndia, kwa Kimvita, ni njia. Huanza karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikapenya ndani ya mji uliolea washairi na wanavyuoni wengi. Mmoja wao alikuwa Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu, na kinywa hakina kufuli wala kabati. Lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingalizikusanya, na lau mmisionari W. E. Taylor asingalizitunza karatasi, diwani iliyochapishwa mwaka 1940 isingalikuwako. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Mazrui wa Mombasa. Ilichapishwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake. Katika muda wote huo elimu ile ilitegemea wino, karatasi, na uangalifu wa waliozihifadhi.

Hata hivyo kuhifadhi peke yake hakutoshi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi elfu zilizofungiwa sandukuni bila orodha ni kama kisima kilichofunikwa: maji yamo, na watu wana kiu. Kwa hiyo mworodheshaji huzitwaa moja moja. Havurugi mpango aliouacha mwenyewe, maana barua mbili zilizofungwa pamoja huenda zaelezana. Huandika nani alimwandikia nani, wapi, lini, kwa lugha gani, na kwa kurasa ngapi. Kazi hii yataka subira. Barua ya mwaka 1350 wa Hijra yaweza kuwa ya 1931 au ya 1932, kwani mwaka ule ulianza katikati ya mmoja ukaisha katikati ya wa pili. Na katika Kiswahili cha herufi za Kiarabu, herufi moja ya be iliweza kusomwa b, p au mb. Asiyeijua lugha aweza kumpa mtu jina lisilo lake.

Sasa tuseme mworodheshaji huyo amekuta barua moja katika sanduku la mwanachuoni. Upande wa mbele, rafiki amwuliza maana ya neno la kale katika shairi. Upande wa nyuma, rafiki yuyo huyo ameeleza sababu ya talaka ya binti yake na kuomba shauri. Elimu na siri zimo katika karatasi moja, na binti yule huenda yu hai, au wanawe wapita kila siku katika njia ile ile. Afanye nini?

Wako watakaosema: ichomwe. Hoja yao ina heshima, kwa kuwa binti hakuiandika barua ile wala hakuulizwa. Walakini moto hauchagui upande wa karatasi. Huiteketeza talaka na neno la kale pamoja, na kilichoteketea hakuna awezaye kukirudisha akitambua baadaye kuwa alikosea.

Wako watakaosema: ifunguliwe kwa wote, wafu hawana haya. Hawa wamesahau kuwa mwanachuoni ni mtu aliyeendewa na watu kwa mambo yao ya ndani. Sanduku ni lake, lakini siri nyingi zilizomo si zake. Alipokuwa hai alikuwa na kinywa cha kuzitangaza, naye hakuzitangaza. Kifo chake hakimpi mgeni ruhusa ambayo yeye mwenyewe hakujipa.

Wako wa tatu watakaosema: iwekwe chini kabisa, isitajwe katika orodha. Shauri hili lavutia kwa upole wake, nami naliona baya sana. Achomaye hujua kuwa ameharibu. Afichaye hudhani ametunza. Orodha iliyoruka barua moja ni shahidi aliyeapa kusema yote akasema nusu. Baada ya hapo nani atajua ni ngapi nyingine zimerukwa, na kama zilirukwa kwa kumstahi binti au kwa kumlinda mkubwa aliyeogopa matendo yake?

Haki, kwa maoni yangu, imo katika kutenganisha kuficha na kufunga. Mworodheshaji na aandike: barua ya rafiki kwa mwanachuoni, kurasa 2, maana ya neno la kale, na mambo ya nyumbani, ukurasa wa pili umefungwa mpaka mwaka fulani. Mwaka huo utajwe kwa tarakimu, baada ya kupatana na jamaa, nao uwe mbali kiasi cha kumwacha binti amalize maisha yake kwa amani. Kufunga milele ni kuficha kwa jina jingine. Ukurasa wa mbele waweza kunakiliwa leo. Kwa njia hii kila mmoja hupoteza kidogo: mtafiti hungoja, na jamaa hukubali kuwa mlango utafunguliwa siku moja. Lakini hakuna aliyedanganywa.

Nawe, kijana, huenda siku moja ukaachiwa sanduku la babu yako, na mtu akakuambia kuwa ni takataka. Kabla hujalitia moto au kulimwaga barazani, keti na daftari. Andika kila kilichomo. Kisha, kwa kila karatasi, jiulize ni ya nani, na ni nani atakayeumia ikisomwa leo.